Dada Mpya wa Mjomba Ezekia

Mwaya, 24 Agosti 1910

Kaka Yotamu,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu, si Mama, si mwalimu, na hata kwenye sala nimelipita kimya. Siku ng'ombe wa Mzee Nsajigwa walipoingia uani kwetu, niliomba sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, irudi iwamalize wote. Nilisimama nyuma ya migomba nikaomba hivyo huku nawatazama, na mmoja wao, mweupe mwenye baka shingoni, akanitazama na yeye. Nikaona aibu. Ng'ombe hana kosa.

Basi nimeshasema. Sasa nikusalimu kama inavyopasa. Ugonile, kaka. Sisi wazima. Mama anafinyanga, ila aliungua kidole siku ya kuchoma vyungu na sasa anatufokea sote kwa ajili ya kidole hicho. Kifua cha Baba kimepoa. Mjomba Ezekia anasema ukirudi kutoka huko kwenye reli umletee kipande cha chuma atengenezee nanga. Nilimwambia chuma cha reli ni cha serikali. Akasema, "Serikali ina kingi."

Mzee Nsajigwa ni yule wa Ndandalo aliyefiwa na mkewe. Sina baya la kumsema, kaka. Ananisalimu kwa upole na kanisani anaimba sauti ya chini vizuri kuliko wote. Lakini binti yake mkubwa tulikaa naye benchi moja darasani. Nikifikiri nitakuwa mama yake nashindwa kumeza chakula. Baba anasema ng'ombe hao ni wako, maana ndio utakaowatoa mahari ukioa, kwa hiyo hawezi kuwapokea wala kuwarudisha mpaka neno lako lifike. Wamekaa kwetu kama wageni. Kwa hiyo mambo yangu yako mkononi mwako, na nimekaa siku nyingi nikitafuta namna ya kukuomba bila kukuomba.

Namna hiyo nimeipata kwa Mabaniani. Usicheke.

Unamkumbuka Bwana Kanji mwenye duka karibu na gati. Mwaka huu amemleta mkewe kutoka pwani, jina lake Jamna, na kwa sababu anajua Kiswahili cha pwani na Mama hakijui, mimi ndiye ninayewafasiria wanapouziana vyungu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuingia kwao. Sisemi sana. Nasema ya wengine tu, ndiyo raha ya kufasiri.

Jumamosi mwezi ulikuwa mpevu. Bwana Kanji akashuka ufukoni amevaa nguo nyeupe tupu, mkononi ana nazi iliyopakwa rangi nyekundu, na nazi huku unajua haionekani, hiyo ilikuja kwa meli kutoka mbali. Akasema maneno yake, akaitupa ziwani. Mjomba alikuwa kwenye mtumbwi wake. Akapiga kasia, akaiokota, akamletea kwa mikono miwili, nami nikawa mfasiri wao.

"Bwana Kanji, mali yako imeanguka."

Baniani akacheka, akaitupa tena mbali zaidi. Mjomba akaifuata tena.

"Mkono wako umechoka leo, bwana?"

"Mzee, naitupa makusudi."

"Nazi nzima?"

"Nzima."

"Ina ubovu?"

"Haina."

Watu walianza kumwambia Mjomba, "Mwache, jua limempiga." Lakini Mjomba, unamjua, mali ya mtu haiachi ipotee. Ilipotupwa mara ya tatu akaiwahi kabla haijalowa vizuri. Ndipo Bwana Kanji akaketi mchangani akaeleza kwamba kwao Kachi, huko Uhindi, mwezi huu ukishapevuka, mvua zinaisha, bahari inatulia, na wafanya biashara na mabaharia huipa bahari nazi ili vyombo viende salama. Yeye hana bahari, ana ziwa letu, na mzigo wake uko kwenye meli.

"Ungesema," Mjomba akamjibu. "Kumbe mimi nalinyang'anya ziwa chakula." Akaipeleka mwenyewe kwenye maji ya kina na kuiweka taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Jamna alikuwa ameziba mdomo kwa ushungi anacheka mpaka machozi. Kisha akaacha kucheka, akaniambia nimwulize Mjomba kama ana dada.

"Ninaye. Mama yako."

"Anauliza kama unaweza kuongeza mwingine."

Mjomba akafikiri sana. "Anakula nini?"

"Wali na dengu."

"Dengu tu? Ndiyo maana amekonda. Mwambie naweza."

Kumbe siku hiyohiyo ya nazi ndiyo pia siku ya kaka na dada. Dada humfunga kaka yake uzi mwekundu kifundoni, mkono wa kulia. Humtia doa jekundu kipajini na punje za mchele juu yake (Jamna alitumia mchele wetu, akausifu), humlisha kitu kitamu cha maziwa na sukari, na kumwombea maisha. Kaka humpa dada zawadi na kuahidi kwamba popote dada atakapokuwa, hata kwa mumewe, atasimama upande wake. Kaka wa Jamna yuko Kachi, Jamna alimtumia uzi wake kwa meli tangu mvua za huku hazijakwisha. Ule uliobaki akamfunga Mjomba. Nikauliza kama dada anaweza kumfunga kaka aliye mbali ambaye si wa dini hiyo. Akasema yeye hajui sheria hiyo, ila uzi anao mwingine.

Umo humu ndani ya barua. Hauna dawa, nimeuliza. Ufunge, kaka, mkono wa kulia. Kisha umwandikie Baba awarudishe wale ng'ombe.

Sasa nimeomba.

Mdogo wako,
Angetile


Kambi ya reli, ng'ambo ya Dodoma, 30 Oktoba 1910

Mdogo wangu Ange,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa Baba na kwa Mjomba. Barua yako imefika ikiwa na matope kidogo, lakini uzi umefika salama. Mimi ni mzima. Huku maji ni machache na vumbi ni jingi, na siku hizi upepo unavuma kama umelipwa.

Niliisoma hadithi ya nazi kwa rafiki yangu Andrea, anayelala nami hema moja. Alicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Uzi nimeufunga. Mwambie mama huyo asante sana, ndaga fijo, kama amekwisha kujifunza neno hilo.

Kazi yangu imebadilika. Sibebi tena. Nakaa mlangoni pa kambi nawaita watu majina asubuhi. Ni kazi nyepesi.

Kuhusu wale ng'ombe, ngoja kwanza. Ni wangapi, na majike ni wangapi? Mzee Nsajigwa ni mtu mwema, umesema mwenyewe. Siwezi kujibu kwa haraka. Usinielewe vibaya.

Mwandiko wangu uvumilie. Naandikia gotini.

Kaka yako,
Yotamu


Mwaya, 12 Desemba 1910

Kaka Yotamu,

Salamu nyingi. Mvua imeanza, njia ya Ikolo imekuwa tope tupu na wapandaji wa mpunga wanafurahi peke yao. Mama kidole kimepona, sasa anafoka bila sababu. Baba anakohoa tena kidogo. Ng'ombe wako watano, majike watatu. Nimekujibu ulichouliza.

Hapa mjini (naita mjini, wewe umeuona mji utanicheka) habari kubwa ni undugu wa Mjomba. Kila Ijumaa anampelekea dada yake mpya samaki. Si wadogo, anachagua walio bora. Anasimama mlangoni kwa Jamna, anawaweka kwenye jani la mgomba, anasema, "Kula unenepe," na kuondoka. Jamna na mumewe hawali samaki kabisa, kaka. Hawawagusi. Yeye anasimama amejibana ukutani, anashukuru kwa viganja viwili vilivyounganishwa, na Mjomba akishakata kona ananiita mimi niwaondoe. Nawapeleka nyumbani, Mama anawapika, na jioni Mjomba anakuja kula kwetu.

"Hawa watamu," anamwambia Mama. "Wanafanana na niliompelekea mdogo wako."

Mama anainama kwenye chungu mabega yakitikisika.

Maana Mama naye amekubali, unajua. Anasema kama Ezekia ni kaka yake na kaka wa Jamna, basi Jamna ni mdogo wake, hakuna njia nyingine ya kuhesabu. Alimpelekea chungu cha maji bila kulipwa, na jana alimgombeza, kupitia mdomo wangu, kwa kukiweka juani. "Mwambie mimi ni mkubwa wake." Jamna akaomba radhi kama dada kweli.

Wazee wa kanisa walimwita Mjomba. Mzee Anyosisye alianza.

"Ezekia, huo uzi una dawa?"

"Una dada."

"Dada gani? Mama yako alikwenda lini kwa Mabaniani?"

"Hakwenda. Wao wamekuja."

"Na je, ukiambiwa uukate?"

"Nitamwuliza yeye kwanza. Wewe huvui pete bila kumwuliza mkeo."

Walinong'onezana muda mrefu. Mwishowe wakasema uzi usio na dawa si dhambi, ila aufiche kwa mkono wa shati wakati wa ushirika. Mjomba hana shati lenye mikono.

Sasa niandike nililokuwa nalikwepa kwa vichekesho hivi.

Jamna ameniuliza umeufunga mkono gani, nikarudi kuisoma barua yako. Hujasema. Na mwandiko ule si wa gotini, kaka. Nimejaribu kuandikia gotini, herufi zangu zinatetemeka lakini hazilali. Zako zimelala upande mmoja zote kama mpunga uliopigwa na mvua. Ulikuwa unaandika vizuri kuliko mwalimu. Unaumwa? Ni wewe uliyeandika?

Na kuhusu ng'ombe hujasema ndiyo wala hapana. Baba anasema ukimya wako ni kukubali, na kwamba baada ya mavuno ya mpunga nitapelekwa Ndandalo. Nilikuomba neno moja. Nakasirika, kisha naogopa huenda kuna jambo, kisha naona haya kwamba nilikasirika. Ndivyo ninavyoshinda.

Angetile


Kambi ya reli, 20 Februari 1911

Mdogo wangu,

Salamu, na nisamehe kukawia. Ni mimi niliyeandika ile barua. Hii pia ni mimi.

Mkono wa kulia sina. Mwezi wa Julai reli iliteleza kwenye toroli tukiwa tunaiteremsha, ikaniangukia. Daktari aliukata juu kidogo ya kifundo. Nilikaa hospitali wiki nyingi, na nilipotoka uzi wako ulikuwa umenitangulia kambini. Ulisema mkono wa kulia. Niliucheka, Ange, si vizuri lakini niliucheka. Kisha Andrea akashika ncha moja, mimi nikavuta nyingine kwa meno, tukaufunga kushoto. Kuandika kwa kushoto nilijifunza kwa kukuandikia wewe. Ile barua fupi ilinichukua siku nyingi.

Usimwambie Mama bado. Sijui Mama atafanyaje.

Sasa la ng'ombe. Nitakuambia kama nilivyo, maana wewe uliniambia la sotoka. Ulipoandika kwamba wapo uani, jambo la kwanza nililofikiri si wewe. Nilifikiri, nimepona. Mtu kama mimi sasa, bila ng'ombe, baba gani atanipa binti yake? Nitalimaje mpunga? Nitavuta kasia gani? Nikiwa na ng'ombe nitakuwa mtu mwenye ng'ombe, watu watasahau mkono. Nikamwandikia Baba, "Wapokee." Barua hiyo iko chini ya mkeka wangu tangu Novemba. Kila tarishi akipita naishika, kisha nauona huu uzi, naiacha. Ya kukataa pia nimeshindwa kuiandika.

Uliniambia kaka huahidi. Mimi nilifunga kwanza, nikaanza kufikiri baadaye. Siwezi kukudanganya kwamba sitaki uende Ndandalo. Siku nyingine nataka. Siku nyingine nakuona nyuma ya migomba na sitaki hata kidogo.

Fedha ya fidia waliyonipa ni kidogo, lakini nauli ya kurudi imo. Nilikuwa nasubiri nirudi na kitu.

Niambie wewe nifanye nini. Nitafanya utakalosema.

Yotamu


Mwaya, 18 Aprili 1911

Kaka yangu Yotamu,

Salamu za hapa utazipata mwishoni, leo siwezi kuanza nazo.

Niliisoma barua yako nimesimama kwenye tope mbele ya gati, nikashindwa kuondoa mguu. Nililia. Kisha nikakasirika, maana kila neno la hasira nililokuandikia Desemba lilikuwa linakwenda kwa mtu mgonjwa. Kisha nikafanya uamuzi. Nilisema nitakwenda Ndandalo. Nilisema Mzee Nsajigwa ni mpole, nitazoea, na kaka yangu atakuwa na ng'ombe badala ya mkono. Nilijihisi mwema sana. Nilikuwa nimekwisha kufika kwenye migomba yetu nikamwone Baba, nikamkuta yule mweupe mwenye baka amelala njiani anacheua, na miguu ikakataa. Sitaki, kaka. Hata kwa ajili yako sitaki.

Nikageuka nikaenda kwa Jamna. Sikuwa na cha kufasiri siku hiyo, nilikuwa na maneno yangu mwenyewe, nikayasema vibaya, ya mwisho kwanza. Alinisikiliza huku anachambua mchele. Nilipomaliza akauliza, "Huyu Yotamu ni mtoto wa mama yako, tumbo moja na wewe?"

"Ndiyo."

"Na mama yako ananiita mdogo wake, ananigombeza kwa ajili ya chungu."

"Ndiyo, mama."

"Basi Yotamu ni mwanangu. Mbona mwanangu amekatwa mkono na mimi nasikia leo?"

Hakuwa anacheka. Akaingia dukani. Niliwasikia wakisema Kikachi kwa haraka, yeye zaidi, Bwana Kanji kidogo, halafu yeye tena. Bwana Kanji akatoka anajikuna shingo.

"Anaandika kwa mkono upi?"

"Wa kushoto, bwana. Mwandiko unalala lakini unasomeka."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha bahasha tu, jina langu na jina la Mwaya. Aliitazama muda mrefu.

"Mimi natafuta mtu wa kukaa kwenye mizani msimu wa mpunga," akasema. "Anayeandika Kiswahili na kusema na wakulima kwa lugha yao wasinione mwizi. Kubeba wapo wengi wa kubeba. Mwambie aje nimwone. Mshahara si wa reli, asije akanung'unika." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na asipokuja, mama yake huyu hatanipikia."

Hivyo ndivyo ilivyo. Mjomba alifungwa uzi bila kujua mwisho wake, akauchukua wote mzima kama anavyoichukua mali ya mtu, Mama akauhesabu kwa hesabu yetu, na sasa wewe una mama mdogo asiyekula samaki. Jamna mwenyewe anasema kwao uzi haufiki mbali hivyo, unaishia kwa kaka na dada. Lakini anasema amekwisha kugombezwa, hawezi kurudi nyuma.

Kuhusu mke sina la kukuahidi. Sijui ni baba gani atakupa binti. Nisingependa kukuandikia maneno mazuri tu. Najua nakunyima kitu, na utakapokuwa umekaa kwenye mizani ukiona wenzako wanaoa, utanikumbuka na pengine si kwa wema. Nitakuwepo hapa uniambie.

Ile barua iliyo chini ya mkeka usiitume. Wala usiandike ya kukataa. Ukikataa wewe, Baba atakuona umesahau nyumbani, na mimi nitakuwa nimejificha nyuma yako kama nilivyojificha nyuma ya migomba. Nitamwambia mwenyewe kwamba sitaki kwenda Ndandalo. Nitamwambia na habari ya mkono wako, maana utakapoingia uani Mama asiujue kwa macho kwanza. Mjomba nimekwisha kumweleza. Aliniuliza mkono gani, akasema, "Kasia la nyuma linashikwa kwa mmoja na kwapa. Nitamwonyesha." Halafu akaenda kukaa peke yake ndani ya mtumbwi uliofungwa.

Sijawahi kumwambia Baba neno lenye sitaki ndani yake. Nimelifanyia mazoezi kwa Kinyakyusa, na kwa Kiswahili pia ambacho hakijui, kwa sababu kwa Kiswahili linatoka upesi zaidi.

Salamu sasa. Mto umefurika, vyungu vya Mama vilivyokuwa vinakauka vimelowa vyote. Mpunga umesimama vizuri. Ng'ombe wazima, wote watano.

Nasikia miguu. Ni Baba, anapangusa tope kizingitini na kukohoa kwake ni kule kwa jioni. Karatasi iko mezani, jina lako liko juu kwa herufi kubwa, na hilo analitambua kwa lugha yoyote. Sijaifunika. Ameinama mlangoni, anaitazama. Anauliza, "Yotamu anasemaje?"

Nimemvutia kigoda. Hasomi Kiswahili, kwa hiyo nitamfasiria, na nitaanzia mahali palipoandikwa sitaki.